Usimwimbe Mwenye Boti

Kabange, mama,

Umetoka kwenda kuwaaga majirani, na shangazi yako Nyota amesinzia kitini, mguu wake unaouma ameuweka juu ya ndoo. Nimefunika cherehani na kuchukua karatasi zile nilizochoria mikato ya nguo za mchezo wenu. Upande wa nyuma utaona bega la Trésor na kiuno cha msichana ambaye nimemsahau. Usicheke. Karatasi nyingine sina.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Habari za wanaume wa Lubumbashi shangazi yako amekueleza mbele ya wageni, na ameeleza zaidi ya nilivyotaka usikie. Mimi nina jambo moja tu. Wiki yote nimekuwa nikilizunguka. Nikitaka kulisema mtu anaingia, au nakuona unachambua mchele huku unafanya mazoezi ya sauti, nami naogopa kukuharibia. Kwa hiyo barua hii nitaificha chini ya nguo zako. Uisome ndani ya treni, mkishapita Nyunzu, kabla ya daraja la Lualaba.

Sandukuni utakuta vitu viwili viwili. Sabuni mbili, taulo mbili, vitana viwili. Utakuta gauni lako la kitenge cha bluu, na shati la ndugu yako la kitenge hicho hicho. Utasema, Mama, Kyungu hayupo wa kuvaa shati. Najua. Nimelikata kwa kipimo chake cha mwisho, nikaongeza kidogo mabegani, kwa sababu sasa hivi angekuwa amepanuka. Usimpe mtu.

Tangu mlipozaliwa mkono wangu haujui kununua kitu kimoja. Niliwahi kujaribu. Ndala zako zilikatika ukiwa darasa la pili, nikakununulia mpya, nikamwacha Kyungu na zake maana zilikuwa bado nzima. Akashikwa na homa. Shangazi yako akaja, akatazama miguu yenu, akasema, "Weye Nyampasa, ulizaa wawili, macho yako inaona mumoja kwa nini?" Nikaenda sokoni mbio. Sijui kama kilichoshusha homa ni ndala au ni vidonge vya hospitali, lakini sikujaribu tena. Jina hilo la Nyampasa, mama wa mapasa, mama wa pacha, limemeza jina langu la ubatizo. Hata padri ananiita hivyo.

Nataka kwanza nikukumbushe sauti ya Kyungu, maana naona mchezo wenu umeanza kuifunika. Nyimbo za mapasa zina sauti mbili. Wewe ulianzisha, yeye akajibu, na siku zote alichelewa kidogo, kama mtu aliyeinama kufunga kiatu kisha anakimbia kuwafikia wenzake. Mwalimu Gaspard, aliyewakusanya na kuwafanya kundi, alimkemea sana kwa hilo. Siku moja Kyungu akamjibu, "Mwalimu, Kabange alitangulia kuimba, mimi nilitangulia kuzaliwa. Tuachie hivyo, deni limeisha." Mwalimu alicheka mpaka akasahau alikuwa anakemea nini.

Unakumbuka mazoezi ya kwanza, mle kwenye hangari nyuma ya gare ya treni? Mwalimu alikuwa amechoka na michezo ya kusema tu. Alitaka mchezo ambao watu wanaimba wote, wanacheza wote, uliotoka kwenye mambo ambayo wazee wetu hawakuyachezea ovyo, na akachagua nyimbo za mapasa. Akamleta shangazi yako kwa pikipiki, akamkalisha, akashika kalamu.

"Mama Shangazi, huu wimbo maana yake nini?"

"Maana yake iko mu kiuno. Weka kalamu, ucheze."

Mwalimu akacheza. Shangazi yako akamtazama kwa huruma. "Ee, Mwalimu. Ulisoma mpaka kiuno ikakauka."

Kyungu alianguka chini kwa kucheka, na wewe ukamwangukia.

Siku hiyo ndipo shangazi yako alipowafundisha sheria. Nilikuwa pale, napima bega la Trésor, pini zimejaa mdomoni. Alisema nyimbo za mapasa ni matusi, na matusi yenyewe ya nguo za ndani, lakini yanatukanwa kwa kicheko. Anayetukanwa hakasiriki. Anasimama, anacheza, anatia kitu chake ndani ya lungo la kupepetea, na Nyampasa anampaka pemba, ule udongo mweupe, kwenye mashavu. Hapo limeisha. Lolote lililokuwa kati yao limeisha.

"Matusi ya mapasa ni maji," alisema. "Muntu anaoga."

Nilisikia, Kabange. Niliitikia kwa kichwa na pini zangu mdomoni.

Halafu Mwalimu akataka manyanga ya kweli ya kutikisa mkononi, yale mawili yanayofungwa kwa kamba moja, na mjomba wako wa Kirungu alikuwa nayo. Kyungu akasema atakwenda yeye. Alipanda kule milimani, akalala kwa mjomba, akashuka Moba bandarini, na kutoka pale akanipigia simu. Nilisikia watu wanagombana nyuma yake. Aliniambia boti limejaa maharage, watu wamekaa juu ya magunia. Aliniambia amemwambia mwenye boti, Patron, limezidi, na yule mtu amemjibu mbele ya abiria wote, "Kama unaogopa, ogelea." Watu wakacheka. Kyungu mwenyewe alikuwa anacheka anaponisimulia. "Mama, nimepanda juu kabisa, manyanga mapajani. Naonekana kama chifu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na sauti yake ilikuwa ya furaha. Nashukuru kwa hilo, na ninalichukia hilo pia.

Jina la mwenye boti sitaliandika. Nilipokwenda kwenye biro ya serikali kulisema, waliniambia kilichozamisha boti ulikuwa upepo. Upepo ulikuwepo. Upepo haukupakia magunia.

Siku walipomleta, mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ulikuwa umeegemea ukuta, unanitazama, na kilio kilikuwa kimeshafika hapa kooni. Shangazi yako akaniziba kwa kiganja chake chote. Kilinuka samaki, alikuwa anaparua samaki habari ilipomfikia. "Usilie, Nyampasa. Pasa hakufe, alirudi. Ukimulilia ule alirudi, unaita ule alibakia." Nikakutazama. Nikameza.

Basi tukamzika kwa kuimba. Kutoka nyumbani mpaka makaburini watu waliimba mapaja yangu, waliimba uchi wa baba yako ambaye mwenyewe tulikuwa tumeshamzika, na katekista akatembea ametazama ukutani njia nzima. Nilimzika mwanangu kwa nyimbo za makalio, na nikacheza. Wewe ulianzisha. Ukifika pale pa kujibiwa, unaacha nafasi ile ndogo ya kuchelewa kwake, kisha watu wote wanaingia. Mwalimu Gaspard alikuwa nyuma ya jeneza. Nilimwona analia na anasikiliza pia, na sikumkasirikia. Kazi yake ni kusikiliza.

Ndivyo mazishi yalivyoingia kwenye mchezo. Mwalimu alikuja kuomba ruhusa kwa heshima, akala ugali kwangu, nikakubali. Lakini nilikubali kwa sababu zangu. Kilio nilichomeza kilikuwa hakikushuka tumboni kikalala. Kiligeuka kitu kingine. Nilikuwa nashona mashati ya watoto wa shule na ndani ya kila mshono naona shingo ya yule mtu. Nilikuwa nikipita bandarini naangalia mahali anaposimama, nahesabu tu kama yupo. Nilitaka mji mzima umcheke mpaka asiwe na barabara ya kupita. Na nilikuwa na nini mimi? Nilikuwa na cherehani, na nilikuwa na nyimbo ambazo mtu hawezi kukushtaki kwazo.

Nikamtungia. Uliniuliza wakati ule maneno yale yametoka wapi, nikakuambia ni ya zamani. Ni yangu. Niliyatunga kwa mguu, napiga pedali:

Mwenye boti, tumbo limepakia,
tukuweke upande gani mji usizame?
Ukipanda kitandani mbao zinalia,
mke wako analala na jaketi ya kuokolea.

Na kiitikio nikaweka maneno yake mwenyewe: kama unaogopa, ogelea.

Siku ya kuonyesha mchezo pale uwanja wa shule, ni mimi niliyemwomba Mwalimu awakalishe wakubwa wa mji mbele, na mwenye boti kati yao. Alikuja na kofia nzuri, akakaa kwenye kiti cha plastiki kikapinda. Ukaanzisha. Mkamzunguka kama nilivyowafundisha, wasichana ndani, wavulana nje, na watu wakacheka vizuri, hata wake za wakubwa, hasa wao. Nilikuwa nimesimama na lungo langu na pemba yangu, maana Nyampasa wa mchezo ni Nyampasa wa kweli, Mwalimu hakutaka mwingine. Nilikuwa nangoja mtu yule anyanyuke kwa hasira atoke. Nilikuwa nimeshaona mgongo wake ukienda, na watoto nyuma yake wakiimba ogelea, ogelea, mpaka nyumbani kwake, na kesho yake, na mwaka ujao.

Akavua viatu.

Aliviweka pamoja vizuri chini ya kiti, akasimama, akacheza. Na alicheza sawa, Kabange, mabega chini, magoti wazi, kama mtu aliyefunzwa na mama. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba mama yake kule Moba alikuwa Nyampasa. Alikulia ndani ya nyimbo hizo. Akaja mpaka mbele yangu, akavua kofia akaitia ndani ya lungo, akainamisha uso. Watu wakapiga vigelegele. Na mkono wangu ukachovya pemba ukampaka, shavu hili na shavu hili. Sikuuambia. Mkono huo umefanya hivyo tangu mlipozaliwa, anayeinamisha uso unampaka. Nilihisi ndevu zake ndogo kwenye vidole.

Kosa langu ni hilo. Nilichukua maji nikadhani ni moto. Nilikuwa nimeambiwa wazi, pini mdomoni, na niliitikia kwa kichwa.

Tuliporudi nyumbani uliniambia, "Mama, aliogopa. Pale kwa ogelea nilimwona midomo imekauka."

Nikakuuliza, "Halafu?"

Ukajibu, "Halafu akacheza."

Nilienda bandarini wiki iliyofuata kununua dagaa. Wapagazi walikuwa wanamtania kwa wimbo wetu, na yeye anawajibu huku anacheka, "Imbeni tu. Mimi nilishaoga. Nyampasa mwenyewe alinipaka." Nyuma yake boti lake lilikuwa linapakia. Magunia yalikuwa yamefika pale pale yalipofikaga. Mama mmoja alikuwa anapandishwa juu yake na mtoto mgongoni, anatafuta pa kushika. Nikamfuata, nikamwambia mama, shuka. Akaniambia mume wake anamngoja Moba.

Na Mwalimu naye akaja na furaha yake. "Nyampasa, tumepata mwisho wa mchezo. Mungu ametuletea. Lubumbashi watasimama wote."

"Watasimamia nini?"

"Msamaha."

Nilikuwa na uzi kwenye meno. Nikaukata. Sina neno baya juu ya mtu huyo, amekulinda kama mwanawe na ataendelea kukulinda. Alikuwa anatafuta kitu kizuri, na kitu kizuri kilitokea mbele yake, mtu tajiri amevua viatu. Sasa Trésor ndiye atakayekuwa mwenye boti. Nimemtazama akifanya mazoezi. Anacheza kuliko yule mwenyewe, anampendezesha. Kila mkionyesha, kule ambako hakuna mtu aliyewahi kumsikia Kyungu akichelewa kuitikia, yule mtu atavua viatu, atainamisha uso, na wewe utashika pemba badala yangu. Umeelewa nilichofanya? Nilimtafutia fedheha, nikamjengea bafu linalosafiri kwa treni.

Kwa hiyo nakuomba. Ikifika sehemu ile, usianzishe.

Usibadilishe maneno, usimwongezee matusi. Nilikuwa nadhani kulipiza ni kusema, nikasema sana, kwa midomo ya kundi zima na ngoma juu yake, na nimeona kuna mtu ambaye ukimtukana umemhudumia. Simama tu mbele ya kiti chake. Manyanga yale mengine aliyotuchongea mjomba, yashike yasilie. Mtazame. Hakuna mwingine kwenye kundi aliye pasa, na wimbo ule hauinuliwi na mtu mwingine, Mwalimu anajua, aliandika mwenyewe kwa kalamu yake. Wenzako watangoja. Trésor atangoja. Atakaa pale na tumbo la sponji nililomshonea, viatu bado viko mguuni, hajui mikono aiweke wapi. Mwache akae. Watazamaji watakohoa. Watadhani umesahau. Mwache akae mpaka waanze kuona kwamba kuna mtu pale ambaye hakuna anayetaka kumsafisha. Kisha ondokeni, mmoja mmoja, na kiti kibaki na mtu wake.

Mwalimu atakasirika. Atakuambia mchezo umekosa mwisho. Mwambie ndiyo.

Nakuomba, sikulazimishi. Wewe ndiye utakayesimama pale, na macho ya watu yatakuwa kwako. Labda wakati ule uliona kitu usoni mwake ambacho mimi sikukiona, wewe ulikuwa karibu zaidi. Ukiamua kuimba, utabaki mwanangu na nitakushonea nguo. Lakini usiimbe kwa kudhani mama yako amepoa. Nalala vizuri, nakula, nacheka na shangazi yako, na sijamsamehe hata kwa ukucha.

Limebaki lingine, nalo ni langu, siyo lako.

Tangu siku ile sijalia. Ulidhani mimi ni mgumu, uliwahi kumwambia rafiki yako hivyo nikiwa nyuma ya pazia. Sikuwa mgumu. Nilikuwa nakuchunga. Kila nilipotaka kwenda mbali nikalie, nikakumbuka kwamba wewe uko mji huu huu, unasikia au husikii, na kilio kina njia zake. Hata kuoga nimeoga na mdomo umefungwa.

Jana nilikuwa namkanda shangazi yako mguu kwa mafuta ya mawese. Nikamuuliza kama vile nauliza habari za zamani, kilio cha pasa kinafika mpaka wapi.

"Inafika mpaka kwa maji kubwa," akasema. "Lualaba inakula sauti. Haivuke."

"Basi, treni ikipita daraja..."

"Weye unataka kujua ya nini?"

"Nauliza tu."

Aliacha nimkande kwa muda. Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Beba mukeka. Saruji ya barza yake iko baridi, na matako yako si ya siku zile."

Mama, nakwenda kumlilia ndugu yako kwenye barza ya yule mtu. Nitatandika mkeka mlangoni pake, mahali wanapopita wateja na wapagazi, na nitalia kilio chote nilichomeza, kwa jina la Kyungu. Wapita njia watauliza, msiba wa nani hapa? Naye atalazimika kuwajibu. Ataleta lungo, halitakuwa na kazi, maana sikuja kuimba. Ataleta pemba, nitakunja ngumi. Atainamisha uso, na mkono huu safari hii nimeshauambia. Wakininyanyua nitarudi. Anajua kucheza kila wimbo wa mapasa, mama yake alimfunza vizuri. Lakini kilio hakina ngoma, tuone atachezaje.

Nimengoja muda mrefu uende mbali, nami nilikuwa naomba usiende. Sasa unaelewa kwa nini nilishona haraka hivyo.

Mkishavuka daraja, nipigie. Usiniulize kama nimekula, wala usinipe salamu za watu. Sema tu, Mama, tumevuka. Mkeka nimeshaukunja, uko nyuma ya mlango.

Mama yenu